Nani Anayehesabu? Tathmini ya Tamko la Pamoja juu ya Fundisho la Kuhesabiwa Haki

Utangulizi

Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, wawakilishi wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na wa Kanisa Katoliki walitia sahihi hati iitwayo Tamko la Pamoja juu ya Fundisho la Kuhesabiwa Haki. Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo Kardinali Edward Cassidy na Askofu Christian Krause, na tendo hilo lilifanyika katika kanisa la Mtakatifu Anna. Mahali penyewe pana historia. Katika nyumba ya watawa Wakarmeli iliyoambatana na kanisa hilo ndimo alimofikia Martin Luther mwezi Oktoba 1518, alipoitwa kuhojiwa na Kardinali Cajetan. Suala lililomleta Luther mjini humo akiwa mtuhumiwa ndilo lililowaleta wazao wa pande zote mbili wakiwa ndugu.

Zaidi ya robo karne imepita tangu siku hiyo. Wamethodisti walijiunga na Tamko hilo mwaka 2006 huko Seoul. Baraza la Ushauri la Waanglikana lilikaribisha kiini chake lilipokutana Lusaka mwaka 2016. Na Ushirika wa Makanisa ya Reformed Ulimwenguni ukaliunga mkono huko Wittenberg mwaka 2017. Ni hati chache sana za kanisa zilizopokewa na jamaa nyingi kiasi hicho. Hata hivyo, yafaa tujiulize swali ambalo sherehe haziwezi kulijibu: Je, Tamko hili limekwisha kufika mimbarani na makaburini petu, au limebaki katika makabati ya vyuo?

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, tutalipima Tamko lenyewe, hasa sehemu yake inayohusu matendo mema. Pili, tutaonyesha kwamba udhaifu tunaouona katika hati hiyo ni udhaifu wetu pia, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana sababu za pekee za kuwa macho.

1. Tamko linasema nini

Tamko lina vifungu 44. Baada ya dibaji, huanza na ujumbe wa Biblia (vifungu 8 hadi 12), kisha hueleza ufahamu wa pamoja (14 hadi 18), na baadaye hufafanua ufahamu huo katika mada saba (19 hadi 39): udhaifu wa mwanadamu mbele ya dhambi, msamaha na kufanywa wenye haki, imani na neema, hali ya mwenye haki kuendelea kuwa mwenye dhambi, Sheria na Injili, uhakika wa wokovu, na matendo mema. Kila mada ina kifungu kimoja cha kuungama pamoja, kisha kila upande hueleza msisitizo wake.

Kiini chake ni kifungu cha 15. Hapo pande zote mbili zinaungama kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani iliyo ndani ya kazi ya Kristo, wala si kwa sababu ya ustahili wowote ulio ndani yetu. Na kwamba Roho Mtakatifu tunayempokea huifanya upya mioyo yetu na kutuita tutende mema. Anayelijua Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 atasikia hapo sauti ya ibara ya IV na ya VI. Ama anayeujua Mtaguso wa Trento, ambao kikao chake cha sita kilitoa hukumu zake tarehe 13 Januari 1547, atakumbuka kwamba Trento nao ulikana kwamba mtu aweza kujiokoa kwa nguvu za asili yake pasipo neema. Kwa hiyo kifungu cha 15 hakikuzaliwa kwa hila za wanadiplomasia. Ni tunda la kazi ndefu, ambamo yalikuwamo mazungumzo ya Marekani yaliyotoa taarifa yake mwaka 1983 na uchunguzi wa Wajerumani juu ya hukumu za karne ya 16.

Jambo la kufurahisha zaidi ni unyofu wa njia iliyotumika. Tamko halidai kwamba tofauti zimekwisha. Kifungu cha 40 kinakiri kwamba zimebaki tofauti za lugha, za ufafanuzi na za msisitizo, lakini kinadai kwamba hazivunji ufahamu wa pamoja. Kifungu cha 41 hakisemi kwamba hukumu za Trento, wala zile za Maungamo ya Kilutheri, zilikuwa za uongo. Kinasema kwamba haziyagusi mafundisho kama yalivyoelezwa katika Tamko. Mababa hawatukanwi, na watoto wao hawafungwi.

2. Pingamizi

Tamko halikupita kwa ulaini. Mwanzoni mwa mwaka 1998 walimu wa theolojia zaidi ya 140 wa Kiprotestanti nchini Ujerumani walitoa kauli ya kulipinga. Hoja zao, kwa kifupi, zilikuwa kwamba makubaliano juu ya uhakika wa wokovu, juu ya dhambi ya mwenye haki na juu ya matendo mema hayakufikiwa kwa kweli. Na kwamba fundisho la kuhesabiwa haki, ambalo kwa Walutheri ni kipimo cha mafundisho yote, limefanywa kuwa kipimo kimoja kati ya vingi. Hoja hii ya mwisho haikuwa ya kubuni. Kifungu cha 18 kinasema wazi kwamba Wakatoliki wanajiona wamefungwa na vipimo kadhaa.

Upande wa Roma nao ulisita. Jibu lake la mwezi Juni 1998 lilieleza kwamba ugumu mkubwa ulikuwa katika mada ya nne, yaani fundisho kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kama Ubatizo huondoa kweli kila kilicho dhambi, aliyebatizwa aitwaje bado mwenye dhambi? Ilibidi kuandikwe Nyongeza mwaka 1999 ili kuyaeleza maneno hayo, na ndani ya Nyongeza hiyo ndimo pande zote mbili zilipokubali kusema kwa sauti moja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake.

Kwa maoni yetu, wapinzani wa Kijerumani walikosea kwa kudai kwamba hakuna mapatano ya kweli, lakini walipatia katika jambo moja. Waliuliza: Kama tumekubaliana juu ya msingi wa wokovu, mbona hatuwezi kula pamoja Chakula cha Bwana? Kifungu cha 43 kinajibu kwa kuorodhesha mambo yaliyosalia, miongoni mwake kanisa, mamlaka, huduma na sakramenti. Jibu ni la haki, lakini halimfariji mke Mlutheri na mume Mkatoliki ambao kila Jumapili hukaa chini ya paa moja na hukomunika katika meza mbili.

Tusisahau pia kwamba Walutheri wenyewe walishindwa kuafikiana juu ya fundisho hili. Mkutano Mkuu wa Fungamano uliofanyika Helsinki mwaka 1963 ulikuwa umekusudia kulitamka upya kwa mtu wa siku hizi, lakini ulimalizika bila kupitisha hati iliyotayarishwa. Hivyo tusimwambie ndugu Mkatoliki kwamba yeye ndiye pekee mwenye maswali.

3. Matendo mema: palipo na udhaifu

Hebu tuangalie sasa vifungu vya 37 hadi 39. Kwa pamoja pande mbili zinaungama kwamba matendo mema hufuata kuhesabiwa haki na ni matunda yake. Wakatoliki wanaeleza kwamba wanaposema juu ya mastahili, wanamaanisha kuwa Maandiko yameyaahidia matendo hayo thawabu mbinguni, na kwamba nia yao ni kusisitiza wajibu wa mwanadamu. Walutheri wanajibu kwamba matendo ni matunda na ishara wala si mastahili, lakini nao wanakubali kuuita uzima wa milele thawabu isiyostahiliwa.

Wengi wameshtushwa na neno thawabu katika kinywa cha Mlutheri. Wangeshtuka kidogo kama wangesoma Utetezi wa Ungamo la Augsburg. Humo Melanchthon anakana kabisa kwamba matendo hupata msamaha, neema au haki mbele za Mungu. Hata hivyo hakatai kwamba matendo ya waliokwisha kusamehewa yana thawabu nyingine, za mwili na za roho, katika maisha haya na baadaye. Na Augustino, anayeheshimiwa na pande zote, alifundisha kwamba Mungu anapoyavika taji mastahili yetu, anavika taji karama zake mwenyewe. Kwa hiyo Tamko halikusaliti Maungamo hapa.

Udhaifu uko mahali pengine, na kwa kadiri tuonavyo haukupewa uzito unaostahili katika mabishano yale. Katika vifungu hivi vitatu jirani hayumo. Kifungu cha 37 kinataja matendo ya upendo, lakini hakisemi upendo huo unamwendea nani. Mjadala wote unaendelea kati ya Mungu na mtendaji: tendo litamfaa nini aliyelitenda? Litamkuza katika neema? Litakuwa ustahili au ishara? Litapata thawabu ya namna gani? Mwenye njaa, mjane, na mgonjwa aliyelazwa bila wa kumletea uji, hawajitokezi. Na hilo ndilo tatizo, kwa sababu ugunduzi mkubwa wa Luther haukuwa tu kwamba matendo hayaokoi. Katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520 alifundisha kwamba, kwa kuwa Mungu hayahitaji matendo yetu na wokovu wetu umekwisha kupatikana, matendo yamewekwa huru yamwendee anayeyahitaji. Mkristo huishi ndani ya Kristo kwa imani, na ndani ya jirani kwa upendo. Tendo jema likiisha kuondolewa katika daftari la mbinguni, hapo ndipo linapopata anwani yake hapa duniani.

Kanisa letu lilikwisha kuonywa mapema juu ya hatari zilizo pande zote mbili. Baada ya kifo cha Luther, Georg Major alifundisha kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Nikolaus von Amsdorf, kwa kumpinga, alifika mahali pa kusema kwamba matendo mema yanaudhuru wokovu. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, katika ibara yake ya IV, iliyakataa maneno ya wote wawili. Matendo ni wajibu wa waaminio, lakini hayaingizwi katika suala la kuokolewa. Wala hayadhuru, isipokuwa pale mtu anapoyategemea. Huu ni mzani mwembamba. Anayeegemea upande mmoja huanguka katika kujihesabia haki, na anayeegemea upande wa pili huanguka katika uvivu wenye jina la imani.

Hapo ndipo waraka wa Yakobo unapopata nafasi yake. Yajulikana kwamba Luther, katika utangulizi wa Agano Jipya wa mwaka 1522, aliulinganisha na mabua. Yajulikana pia kwamba matoleo ya baadaye ya Biblia yake yaliyaacha maneno hayo. Hatuna haja ya kumtetea, wala ya kumkimbia Yakobo. Paulo anamtazama Abrahamu katika Mwanzo 15, kabla hajatenda lolote, akiiamini ahadi. Yakobo anamtazama Abrahamu yule yule katika Mwanzo 22, akiwa na mwanawe juu ya madhabahu. Paulo anasema na mtu anayetaka kuingia kwa Mungu kwa kuonyesha kazi yake. Yakobo anasema na mtu anayejidai amekwisha kuingia, lakini humwaga ndugu aliye uchi kwa maneno matamu na mikono mitupu. Tuone kwamba Yakobo hamuulizi mtu huyo amejikusanyia nini mbinguni. Anamwonyesha ndugu asiye na nguo. Kwa maana hiyo Yakobo anasema hasa kile ambacho vifungu 37 hadi 39 vimekisahau.

4. Maneno yetu wenyewe

Tulisema kwamba msomaji wa Kiswahili ana sababu za pekee za kuwa macho. Sababu hizo zimo katika maneno tunayoyatumia.

Tuanze na haki. Katika mazungumzo ya kila siku haki ni kile ninachodai: haki yangu ya urithi, haki ya mfanyakazi, haki iliyodhulumiwa. Mtu asiyefundishwa akisikia kwamba amehesabiwa haki, aweza kudhani kwamba amehesabiwa stahili yake na kulipwa. Lakini Paulo, katika Warumi 4, anasema kinyume kabisa: ujira wa mtenda kazi ni deni, bali imani ya asiye na kazi ya kuonyesha ndiyo inayohesabiwa. Biblia ya tafsiri ya Muungano ilichagua kuhesabiwa haki. Biblia Habari Njema ikachagua kukubaliwa kuwa mwadilifu. Kila tafsiri ina faida na hasara. Ya kwanza inatunza picha ya hesabu, ambayo Paulo mwenyewe aliitumia, lakini inaacha mlango wazi kwa kudai. Ya pili inaleta joto la kupokewa nyumbani, lakini yaweza kumfanya msikilizaji aulize kama uadilifu huo ulikuwamo ndani yake tangu mwanzo. Mwalimu wa kipaimara hana budi kuyaeleza yote mawili. Na katika yote mawili asisitize kwamba kitenzi kiko katika hali ya kutendewa: tunahesabiwa, tunakubaliwa. Kalamu haiko mkononi mwetu.

Neno la pili ni neema. Mkulima husema mwaka huu ni wa neema, akimaanisha mvua zimenyesha na ghala limejaa. Matumizi hayo ni mazuri, kwani Mungu ndiye atoaye mvua. Lakini wahubiri wa mafanikio wameliteka neno hili. Kwao neema ni gari, nyumba na visa ya kwenda ng'ambo, nayo hupatikana kwa kupanda mbegu, yaani kutoa fedha kwanza. Trento haukufundisha jambo kama hilo hata siku moja. Mababa wa Trento walishikilia kwamba mwanzo wa wokovu ni neema isiyonunuliwa; hawa wanaweka bei mlangoni. Ikiwa Walutheri wanatafuta leo mpinzani wa fundisho la kuhesabiwa haki, wasivuke bahari.

5. Kilichoachwa kwa kesho

Kifungu cha 43 kinataja pia, miongoni mwa mambo yanayohitaji kufafanuliwa zaidi, uhusiano kati ya kuhesabiwa haki na maadili ya jamii. Kwa Waafrika hilo si la kuwekwa mwishoni mwa orodha. Mkutano Mkuu wa Fungamano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977, ambao ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano hilo, ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala linalogusa ungamo la imani lenyewe. Na mwaka 1984 huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama.

Kwa nini ungamo? Kwa sababu anayesema kwamba rangi ya ngozi humpa mtu nafasi katika meza ya Bwana, ameongeza sharti juu ya Kristo, sawa na wale waliotaka tohara huko Galatia. Hapa fundisho la kuhesabiwa haki lilifanya kazi yake ya kuwa kipimo, na lilifanya hivyo mjini Dar es Salaam miaka 22 kabla ya Augsburg. Inasikitisha kwamba Tamko liliacha suala hili liwe la baadaye.

6. Tuanzie nyumbani

Baada ya kulikosoa Tamko, haifai tufunge kalamu bila kujikosoa wenyewe. Si jambo geni, katika baadhi ya sharika zetu, kusikia majina ya waliotimiza ahadi yakisomwa mbele ya waumini kwa makofi, na ya wasiotimiza yakisomwa kwa ukimya. Tunakubali kwamba kanisa linahitaji mapato. Paa halijengwi kwa nyimbo, na mwinjilisti ana watoto wa kulisha. Sadaka ni shukrani ya haki na ni wajibu wa kila mshirika. Lakini iwapo wazee wa kanisa, siku ya msiba, wataomba kwanza kadi ya sadaka ya marehemu ili waamue kama atazikwa na mchungaji, basi katekisimo tuliyoikariri imefutwa mbele ya jeneza. Watoto waliosimama pale watajifunza kuhesabiwa haki kwa bahasha, na hakuna somo la kipaimara litakalowasahaulisha.

Vivyo hivyo mahubiri ya maziko. Mara nyingi mhubiri huorodhesha vyeo vya marehemu, kamati alizoziongoza na michango aliyoitoa, kisha huhitimisha kwamba bila shaka yuko mbinguni. Na asiye na orodha je? Yule mama aliyeuza ndizi sokoni, akakosa nafasi ya kuwa hata mjumbe wa kamati, atasemewa nini? Injili inasema kwamba wote wawili walibatizwa katika mauti ya mmoja, na hilo latosha. Matendo ya marehemu yatajwe, ndiyo, lakini yatajwe kama zawadi ambazo jirani walizipokea na kwazo wanamshukuru Mungu.

Hitimisho

Tamko la Pamoja ni hati njema. Limeondoa mashtaka ya uongo ambayo kwa vizazi vingi kila upande uliufundisha dhidi ya mwenzake, na limeungama kwa uwazi kwamba wokovu ni kwa neema tu. Wapinzani wake hawakufaulu kuonyesha kwamba msingi huo haupo. Lakini katika suala la matendo mema limebaki likitazama daftari, hata pale linapokana kwamba daftari hilo linaokoa. Na suala la haki katika jamii limeliahirisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Tamko hili lisomwe na wachungaji wa Kilutheri pamoja na mapadre wa maeneo yao, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili. Na kila wanaposoma vifungu vya 37 hadi 39, waulizane jirani yuko wapi. Kama Mungu amekwisha kumaliza hesabu yetu kwa damu ya Mwanawe, mikono yetu haina tena kazi ya kuhesabu. Imebaki na kazi ya kumbebea jirani mzigo wake.